Wifi Yangu Arudia Mdahalo

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ni karani wa dirisha la kuandikisha wagonjwa. Miaka kumi na tisa yuko pale. Alipotimiza arobaini na nne akatuambia amepata nafasi chuo kikuu, anakwenda kusomea mawasiliano.

"Kusomea kuongea?" nikamuuliza. "Mdomo si unao?"

"Ninao, wifi. Nataka kujua na midomo ya wenzangu inavyofanya kazi. Wako hasa."

Nikaendelea kuosha vyombo.

Mwaka wa kwanza ulimtoa jasho. Darasa lilikuwa na kundi kwenye simu, na vijana walibishana humo kutwa. Kabla hajamaliza kuandika sentensi moja, wenzake wameshahamia hoja ya tatu. Akaacha kuandika kabisa. Mtihani wa mdahalo ulipofika, akaanguka. Ukirudia ukaanguka tena, unafungasha virago. Sheria yao ndiyo hiyo.

Siku ya kurudia nilikwenda, maana watazamaji tuliruhusiwa. Hoja ilisema ujumbe wa simu unatosha, watu hawana haja ya kuonana. Aliyeitetea ni kijana waliyemwita Redio. Alimwaga maneno dakika tano bila kumeza mate, ukumbi ukapiga makofi.

Wifi akasimama kana kwamba yuko kazini. Pale dirishani, mgonjwa afoke namna gani, yeye humrudishia maneno yake polepole mpaka aitikie, ndipo afungue faili.

"Mwanangu, umesema kwenye kundi kila mtu ana nafasi sawa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na asiyeandika kitu amekubaliana na wenzake. Ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Kundi letu la darasa, nami nimo. Muhula mzima sijaandika neno. Mlipopitisha mambo yenu, mlinihesabu nimekubali?"

Redio akatazama viatu vyake. "Tulikuhesabu."

"Sikukubali hata moja. Mngeniona uso, mngejua siku ile ile."

Watu walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Redio akajaribu kuendelea, lakini betri zilikuwa zimeisha.

Alama za kupita ni hamsini. Wifi alipata themanini na moja. Nikapiga vigelegele, nikaambiwa nitoke, nikatoka huku navipiga.

Wifi alipotoka, Redio akatukuta mlangoni. "Mama, mdahalo ujao naomba tuwe upande mmoja."

"Andika ombi," wifi akamjibu. "Halafu ulilete mwenyewe, nikuone."