Wiki Nane za Kunywesha Nywele

Nilifika miaka kumi na tisa bila kujua nywele zangu zingekuwaje zikiachwa ziote. Shule nilizosoma, kama nyingi za Uganda, hazikutaka msichana mwenye nywele. Ulinyolewa ulipoanza darasa la kwanza, ukanyolewa mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, na ukirudi kutoka likizo na nywele zinazoshikika kwa vidole viwili, mwalimu wa zamu alikupeleka nyuma ya bweni akakumalizia mwenyewe. Tulizoea. Kichwa kilioshwa kwa sabuni ile ile ya kufulia, kikasuguliwa kwa taulo, kikapakwa mafuta ya mgando mpaka kikang'aa. Dakika mbili, umeshafika paredi.

Siku niliyotoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho niliapa kwamba hakuna mtu atakayenikata nywele tena. Wenzangu waliapia mambo ya maana, chuo na kazi na nyumba za ghorofa. Mimi niliapia kichwa changu, na sikuona aibu.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Mama alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, na hata leo, akiwa amestaafu, majirani bado wanamwita Afande. Nywele zake alizinyoa fupi kila Jumapili ya pili ili kofia ikae vizuri. Aliponiona naanza kufuga zangu alicheka. "Nywele ni kazi ya watu hawana kazi," alisema, kwa kile Kiswahili cha kambi za askari tulichozungumza tangu nizaliwe.

Sasa nikiri upumbavu wangu. Nywele zilipoota, niliendelea kuzitunza kama kichwa kilichonyolewa. Kitu kingine sikukijua. Miaka saba nilizifua kwa sabuni ya mche, nikizizungusha kwa viganja viwili kama mtu anayefua soksi, nikazisugua kwa taulo, nikazipaka mafuta ya mgando. Baadaye nikaongeza dawa ya kulainisha, kisha pasi ya moto. Maji nikayaogopa kabisa, maana nywele zikishapigwa pasi, tone moja la mvua linaharibu kazi ya asubuhi nzima. Nilikaa hata wiki tatu bila kuziosha. Zikikauka, naongeza mafuta. Zikikauka zaidi, naongeza mafuta zaidi. Pamoja na hayo yote zilivuka mabega, sijui kwa huruma ya nani.

Kilichozimaliza ni sherehe. Rafiki yangu wa Nateete alifanya kwanjula, ile siku ya Waganda ambapo binti anamtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na sisi wasindikizaji tukakubaliana wote tuwe na nywele zenye ncha za rangi ya asali. Tulipakwa dawa ya kung'arisha, tukapendeza, picha zipo. Wiki ya tatu baada ya sherehe nikaanza kuacha vipande vya nywele kila nilipokaa. Ofisini kwetu Nakawa vilijaa kwenye kibodi ya kompyuta. Bosi wangu aliniuliza, tena kwa upole, kama nimeanza kufuga paka.

Nyuma ya soko la Nakawa kuna mama mmoja wa Bukavu mwenye saluni ya viti vitatu. Nilimwendea saa ya chakula cha mchana. Hakuniuliza maswali. Alichukua unywele mmoja, akaulowesha kwa maji, akaushika ncha mbili akaanza kuuvuta. Ulikatika kabla hajauvuta vizuri.

"Dada, hii nywele iko na kiu," alisema.

"Lakini napaka mafuta kila siku!"

"Mafuta haiko maji. Mafuta iko kazi ya kufunga mulango. Sasa wewe unafunga mulango, na ndani hakuna mutu."

Kisha akaniambia bila kupepesa macho kwamba dawa ni kukata zote, zibaki vidole viwili, nianze upya. Nilipandisha sauti mpaka wateja waliokuwa chini ya mashine wakainua vichwa. Nilimwambia sikati. Nilimwambia nimekatwa utoto wangu wote na watu ambao hawakuniuliza, na kwamba hizi ndizo nywele zangu za kwanza na sina nyingine. Nilikuwa karibu kulia, jambo linalonikera sana likinitokea mbele za watu.

Yule mama aliningoja nimalize. Akanipa wiki nane. Hakuna pasi, hakuna rangi, hakuna dawa, na ile sabuni ya mche nifulie mashuka. Kila wiki nizioshe kwa shampuu ya upole, nipake kondishena, nizifunike zipate joto, na mafuta yaje mwisho kabisa, juu ya nywele zilizolowa. Wiki ya nane atavuta tena unywele mmoja. Ukikatika, nitakaa kwenye kiti chake anyoe, na sitapiga kelele. Tukapeana mikono.

Mama alipata habari hizo akiwa anachambua mchele. "Kata tu," alisema. "Hii si mguu. Itaota."

"Wewe na shule mmenikata miaka yote, Mama. Niachie hizi."

Aliendelea kuchambua mchele wake. Nilidhani nimemkasirisha, na kusema kweli nilitaka akasirike kidogo. Lakini Jumapili asubuhi nilimkuta kwenye veranda yetu, pale tunapokaa juu ya soko la Kalerwe, ameweka kiti kifupi, beseni, jagi na jerikeni la maji ya vuguvugu. Amekunja mikono ya shati. "Leta hiyo mtuhumiwa hapa," aliniamuru.

Hivyo ndivyo Afande alivyoshika kesi yangu. Jumapili ya kwanza alinichana kuanzia juu kushuka chini, kwa nguvu ile ile anayotumia kufyeka majani ya uani, nikapiga yowe mbwa wa jirani akaitikia. Nikamfundisha nilivyofundishwa saluni: anza kwenye ncha, fungua kwa vidole, kondishena ikiwa bado kichwani, kisha chanuo la meno mapana, panda polepole. Alishika haraka. Mikono yake mikubwa ikawa na subira ambayo sikuwahi kuiona ikitumika kwa kitu kingine chochote, hata kwangu mwenyewe.

Na kwa kuwa ni askari, alitaka ushahidi. Kila nywele iliyoanguka aliiokota, akaikusanya kwenye karatasi nyeupe, akaitia kwenye bahasha na kuandika: kielelezo cha kwanza, kielelezo cha pili. Bahasha alizipanga juu ya kabati la vyombo. Wageni waliuliza, naye aliwajibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Jumapili ya pili nilijitia ujuzi. Nilikuwa nimesikia habari za ovakedo, yaani parachichi, nikanunua mbili kubwa pale sokoni Kalerwe, nikaziponda kwa uma, nikajipaka kichwa kizima na kujifunga kaveera, mfuko wa plastiki, kwa saa nzima. Kuzipaka ilikuwa rahisi. Kuzitoa ikatushinda. Tulimaliza majerikeni mawili, na Jumatatu kwenye kikao cha ofisi vijipande vya kijani vilivyokauka vilianza kudondoka juu ya ajenda, kimoja baada ya kingine, nami nikivipangusa kwa kiwiko huku nikitikisa kichwa kukubaliana na bosi, na kila nikitikisa vinaongezeka. Mama nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Yule mama wa Bukavu hakucheka hata kidogo. "Ile iko ya kula," alinikaripia. "Kula!"

Jumapili ya tatu mama alitoka chumbani na kopo la moo yaa, mafuta mazito ya njano yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa za mti wa kwao kaskazini. Dada yake humletea kila mwaka, naye hupikia mboga na kupaka visigino. Yana harufu ya moshi. Nilisita, lakini nilikuwa nimeshaaibika na matunda, nikaona hakuna cha kupoteza. Tuliyayeyusha kidogo viganjani, tukayapaka nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Alhamisi, nikiwa kazini, nilipeleka mkono kisogoni bila kufikiri na nikakuta nywele laini. Tangu Jumapili, na bado ni laini! Nilikwenda chooni kuzishika vizuri mbele ya kioo, nimefurahi peke yangu kama mwehu.

Basi nikaanza kujisifu, na wiki ya tano ikanirudisha chini. Bahasha ya Jumapili ile ilikuwa nene kuliko ya wiki iliyotangulia. Mama aliziweka mbili sambamba juu ya ukuta wa veranda. Niliinamia beseni nikalia, safari hii bila kujizuia. Niliona kiti cha saluni, niliona nywele zangu sakafuni. Mama aliendelea kumimina maji.

"Lia," alisema, "lakini usiinue kichwa. Sabuni itaingia macho."

Alipomaliza, akaanza kunihoji kama alivyokuwa akihoji watu kituoni. Ulikula nini, ulienda wapi, ulilala vipi? Kwenye kulala ndipo aliponikamata. Nilikuwa nimechoka kujifunga kitambaa, na kwa siku sita nilikuwa nimelalia mto wa pamba, unaonyonya kila unyevu tuliouweka na kusugua kilichobaki. Siku ile ile alikwenda sokoni akarudi na kitambaa cha satini cha rangi ya waridi, kitu ambacho yeye asingekigusa hata kwa amri ya mkuu wake. Tangu hapo hakulala kabla hajanikagua. Wiki ya sita bahasha ilipungua, ya saba ikapungua tena.

Wiki ya nane mama alivaa gauni la kanisani akasema tunaenda wote. Mshtakiwa, alinieleza, haendi mahakamani bila afisa aliyeshughulikia faili. Alibeba bahasha zote nane kwenye mkoba.

Saluni ilikuwa na watu, na wote walikuwa wamesikia habari za mapatano yetu. Yule mama wa Bukavu alinikalisha, akalowesha unywele mmoja, akaushika ncha mbili. Nilifumba macho. Niliahidi sitapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kweli kutopiga. Alivuta. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, unywele ulikuwa umerefuka kidogo kati ya vidole vyake. Akalegeza, ukarudi ulivyokuwa. Akavuta mwingine. Ukarudi. Akavuta wa tatu kutoka kisogoni, kule nilikokuwa na wasiwasi zaidi, nao ukarudi.

"Hii inaanza kunywa," alisema. Akakata vidole vinne vya ncha zilizokufa, rangi ya asali yote chini, na zilizobaki zikagusa mabega. Mama alitoa bahasha zake na kuzieneza juu ya meza ya rangi za kucha, na wateja wakaja kuangalia. Yule mama wa Bukavu alizipitia moja moja, kisha akauliza nani alikuwa ananiosha. Nilimwonyesha.

"Mama, uko na mukono ya muzuri sana," alimwambia. "Sasa umusuke mistari, ya kulegea, kila wiki. Isivutwe. Kazi ya saluni imeisha, iko kazi ya mama."

Niliona mama anakusanya bahasha haraka haraka. Tulipofika nyumbani alivua viatu kwanza, akaketi kwenye kile kiti kifupi, akaniangalia.

"Mimi hapana jua kusuka," alisema.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alilelewa kambini na baba yake askari, nyumba ya wavulana watano na yeye, akanyolewa pamoja nao; kisha shule, kisha chuo cha polisi. Hakuna mtu aliyewahi kumsuka wala kumwonyesha.

"Wewe ulikuwa mtoto mdogo," aliendelea, "mama wengine kambini nakaa nje nasuka watoto wao. Wewe nakuja naniuliza, Mama, mimi lini? Mimi nasema kesho. Halafu shule ikasema wote wanyolewe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilifurahi sana, mtoto yangu. Nilifurahi mpaka nikaona haya."

Miaka yote nilidhani alinikata kwa sababu hakujali. Nilimkumbatia, na kwa kuwa si watu wa kukumbatiana, tulifanya vibaya, nikamgonga pua.

Alijifunza kwa nyuzi tatu za katani alizozifunga kwenye mgongo wa kiti, wiki nzima, akilaani kimyakimya. Jumapili akaniita. Nilikaa chini, magoti yake kwenye mabega yangu, na ilimchukua kuanzia baada ya misa mpaka chai ya jioni kumaliza mistari saba. Ilipaswa kwenda nyuma moja kwa moja. Mitatu ilikwenda. Miwili ilielekea sikioni, mmoja ukapotea njiani, na wa mwisho ulikuwa mnene huku na mwembamba kule. Aliniletea kioo na kusimama mbali, mikono nyuma, akingoja.

Jumatatu nilikwenda nayo kazini ilivyo. Msichana wa mapokezi aliniangalia, akaweka simu chini, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya kunionea huruma. "Banange! Jamani, nani amekufanya hivi?"

"Mama yangu," nilimwambia, nikageuza kichwa aone na upande wa pili.