Siku Nilipotumwa Kuchuma Majani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kwenye harusi yangu watu walicheza ngoma mpaka miguu ikawavimba. Nimeikumbuka tena juzi, ulipokaa hapa uani na redio yako ukisikiliza habari za zile nchi mbili zilizopanga majeshi mpakani. Ulisema, "Si wapigane tu yaishe!" Mimi nilikuwa nachambua mlenda, nikanyamaza. Ukadhani bibi hasikii. Nilisikia vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu maneno yako yalikuwa maneno yangu mwenyewe nilipokuwa msichana.

Enzi za Mwingereza hizo, kabla sijaolewa. Nyumbani kwetu ni hapa hapa Kinyangiri, na ule mto wa mchanga unaouvuka leo kwa pikipiki yako ndio uliokuwa mpaka. Upande huu tulikaa sisi Wanyiramba na mtemi wetu. Ng'ambo walikaa Wataturu na wazee wao na ng'ombe wao wengi. Lugha mbalimbali, mila mbalimbali. Kiangazi kikifika mto unakauka, na watu wanachimba visima katikati ya mchanga. Visima vyenye maji ya kutosha vilikuwa viwili, tukavitumia kwa zamu: wao asubuhi, sisi jua likishapinduka. Zamu hiyo waliipanga babu zetu kwa mdomo tu.

Ah, mwanangu, nikikuambia uzuri wa mchana ule mtoni! Harufu ya mchanga uliolowa, vijana wamepangana ndani ya kisima wakipokezana vibuyu vya maji mpaka kwenye hori, na sisi wasichana tunawaimbia ili mikono isichoke. Mwimbishaji nilikuwa mimi, Raheli. Sitaki kujisifu, lakini acha nijisifu kidogo: wimbo wangu nikiutoa asubuhi, jioni unaimbwa kijiji kizima. Nikimtania mtu, jina la utani linamganda mpaka anaoa. Watu walicheka na kuniogopa, nami nilipenda yote mawili. Siku hizi naona hata mbuzi hawanisikilizi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Asubuhi moja tukakuta kisima kikubwa kimefukiwa. Kingo zimeanguka ndani, hori limevunjika, mchanga umejaa karibu na juu. Kilichobaki kisingetosheleza ng'ombe wa upande mmoja, sembuse wa pande mbili. Kabla jua halijapanda, neno lilikuwa limeshaenea: Wataturu wamefukia kisima kutukomoa. Ng'ambo nao wakasema ni sisi. Vijana wetu wakatoka na mikuki na pinde, wakajipanga ukingoni. Wa kule wakajipanga ukingo wao. Katikati palibaki mchanga mtupu na kile kisima kidogo.

Mwanangwa wetu, aliyekuwa mkubwa wa kijiji chini ya mtemi, akaanza kuandika barua ipelekwe boma, waje askari wa serikali na bunduki zao. Baba mkubwa Msengi, kaka yake baba yangu, akamshika mkono wa kalamu.

"Askari watakuja, watapiga risasi, watarudi boma," alisema. "Sisi na wale tutabaki na mto huu huu. Nipe mpaka jua lipinduke."

Mwanangwa hakupenda, lakini alikubali.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ukingoni na wenzangu, tumewapelekea vijana togwa, na tangu asubuhi nilikuwa naimba. Niliimba kisima chetu, niliimba ng'ombe wetu watakaokufa kwa kiu, niliimba mikuki ya babu zetu. Mbele ya vijana wote alikuwepo kaka yangu Kitundu, niliyenyonya naye ziwa moja. Yeye hakuwa anaitikia. Alikuwa ameinama, anachora mchanga kwa ncha ya mkuki. Nikamwonea aibu. Nikadhani ameingiwa na woga.

Sasa, sisi na Wataturu tulikuwa na jambo moja tulilolijua sote. Mtu akikujia ameshika majani mabichi mkononi, humpigi. Unamsikiliza kwanza. Lakini kiangazi kile majani mabichi ungeyapata wapi? Kila kitu kilikuwa na rangi ya majivu. Palikuwa na kichaka kidogo cha nyasi za kijani mahali pamoja tu, kwenye mdomo wa kile kisima kilichobaki, maji yanapodondoka kutoka kwenye vibuyu. Hapo hapo katikati, palipolengwa na mikuki ya pande zote mbili. Anayetaka majani ya amani ilibidi ayafuate bila majani.

Baba mkubwa akaweka fimbo yake chini, akavua hata kisu cha kiunoni, akaanza kushuka polepole kwa magoti yake mabovu. Watu wakanyamaza. Na mimi, mwanangu, Mungu anisamehe, ukimya ule niliuona nafasi ya wimbo. Kwa Kinyiramba ulikuwa mtamu, kwa Kiswahili unapoa: "Msengi amekuwa ng'ombe, anafuata majani, sisi tuna wanaume, Kitundu atatangulia."

Wasichana wakapokea. Vijana wakacheka, wakapiga miguu chini. Kitundu akainua uso akanitazama, na sikuelewa alichokuwa ananiambia kwa macho yale. Kisha akateremka mchangani na mkuki wake. Nyuma yake wakashuka kama ishirini. Ng'ambo nao wakasimama wote kwa pamoja, nikaona pinde zinavutwa. Hapo ndipo nilipoacha kuimba. Nilitaka kumwita arudi, sauti haikutoka. Mimi, mwimbishaji, sikuwa na sauti.

Baba mkubwa alikuwa ameshafika kisimani. Alisikia vishindo nyuma yake, lakini hakugeuka. Alikaa chini mchangani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwake. Vijana wa pande zote wakasita, maana ni vigumu kupigana juu ya mzee aliyekaa. Kisha akaita, bila hasira yoyote:

"Raheli! Njoo hapa, mwanangu."

Nilishuka. Nilipita ubavuni mwa Kitundu, nikasikia anavyohema.

"Chuma majani haya," baba mkubwa akaniambia. "Wimbo umeuanza wewe, umalizie wewe. Mpelekee yule mzee mrefu wa mbele. Msalimie vizuri."

Nikachuma. Nyasi zenyewe zilikuwa kiganja kimoja tu. Ule mchanga kutoka kisimani mpaka ukingo wa pili si mpana, lakini mpaka leo sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Mzee wa Kitaturu alikuwa amevaa shuka jeusi, na nyuma yake nilihesabu mishale mitatu inayonitazama, nikaacha kuhesabu. Nikapiga goti, nikamnyooshea majani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Akajibu kwa Kinyiramba safi kuliko changu, "Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unaimba?"

"Ndimi, baba."

"Una sauti," alisema. Akayapokea majani, akashusha mkuki wake, akanifuata.

Wazee wale wawili wakakaa kando ya kisima. Wakaulizana hali. Wakaulizana watoto, ng'ombe, mvua ya mwaka uliopita, jino lililokuwa linamuuma baba mkubwa. Nilidhani nitapasuka. Watu wanataka kuuana, wao wanazungumzia jino! Lakini kadiri walivyoulizana, ndivyo vijana walivyoanza kuchoka kusimama. Mmoja akachutama, mwingine akaegemea mkuki wake. Kisima kilikuwa hakijatajwa hata mara moja.

Na kabla hakijatajwa, Kitundu akaja. Alikuwa ameuacha mkuki wake nyuma. Akapiga magoti mbele ya wazee wote wawili.

"Baba mkubwa, kisima nimekiangusha mimi. Niliwaleta ng'ombe alfajiri, si zamu yetu. Walikuwa na kiu, wakasukumana, ukingo ukaanguka. Nikaogopa."

Baba mkubwa akamwuliza taratibu, "Kwa nini hukusema asubuhi?"

Kaka yangu akanitazama, si kwa ubaya.

"Nilitaka kusema. Lakini walikuwa wameshaanza kuimba."

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimelia mengi. Neno lile ndilo lililoniingia kuliko yote. Vijana wangapi wangelala pale mchangani kwa ajili ya kosa la mmoja, na huyo mmoja alikuwa tayari kulisema tangu asubuhi! Nilikuwa nimemfunga mdomo ndugu yangu kwa wimbo wa kumsifu.

Barua ya mwanangwa ilichanwa. Baba yangu alitoa dume mmoja, akachinjwa pale pale, na vijana wa pande zote mbili wakaingia kisimani kuzoa mchanga. Mtaturu aliyekuwa akizoa mkabala na Kitundu akawa rafiki yake mpaka uzeeni. Ulimwona kwenye mazishi ya Kitundu, yule babu aliyekataa kiti akakaa chini karibu na kaburi.

Nilisubiri baba mkubwa anigombeze, hakunigombeza. Siku kadhaa zilipita, akanikuta natwanga mtama, akasimama mlangoni.

"Raheli, wimbo wako ni mzuri sana," akasema. "Ndiyo maana ninauogopa." Akaenda zake. Ningeona afadhali viboko.

Basi nisikilize. Usidhani baba mkubwa alikuwa mwoga, au kwamba tulipendana na wale. Pinde zilivutwa kweli, na kiu ilikuwa kiu kweli. Lakini kuita bunduki ni kazi ya asubuhi moja. Kwenda katikati mikono mitupu kunataka moyo mkubwa zaidi, maana majani mabichi yalikuwa pale pale pa ugomvi na hayakuwa mahali pengine. Ukisikia watu wamepangana, wenye nchi au wenye shamba, usiwe wa kuwapigia makofi wapigane. Pengine yupo mmoja kati yao mwenye neno la kumaliza yote, na kelele zako ndizo zinamziba mdomo. Watu wapewe muda wa kuulizana hata habari za meno. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kosa, sema mapema, hata kama wote wanaimba.

Washa redio yako sasa, tusikilize pamoja kama wazee wa huko wameshakaa chini. Na wewe, mwanangu, Mungu akulinde na nyimbo tamu za watu wasiotangulia. Akupe magoti ya kushuka mchangani siku yako ikifika. Akuzeeshe kama alivyomzeesha kaka yangu Kitundu, ufe kitandani pako umezungukwa na wajukuu, na ng'ambo ya mto awepo mtu wa kukulilia.