Jina la Baba Mkwe wa Bibi

Cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu: langu, la baba na la babu. Kwenye karatasi, ukoo wetu unaishia hapo. Nilikwenda chuo kikuu kusomea sosholojia ya kihistoria nikiwa na imani ya kijinga kwamba tasnifu moja ingetosha kuusogeza nyuma zaidi.

Nyumbani Mogitu walipouliza nasomea nini hasa, nilieleza kwamba nachunguza jinsi jamii inavyobadilika kizazi hadi kizazi, nani alihamishwa, nani alibaki, na kwa nini. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna ajira. Nikasema ipo. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kunywa chai.

Mada yangu ilikuwa maboma ya wafugaji yaliyokuwa kwenye uwanda wa Hanang kabla ya mashamba makubwa ya ngano. Nilikusanya masimulizi, nikachora ramani, nikaandika sura tatu kwa Kiingereza cha kujikakamua. Msimamizi wangu, dokta mpole mwenye kalamu nyekundu, alinirudishia sura ya tatu akiwa amezungushia maneno 'baba mkwe wa mhojiwa' kila yalipotokea.

"Huyu ni nani?" aliniuliza ofisini kwake. "Bila majina huwezi kuunganisha kizazi na kizazi. Utakuwa umeniletea hadithi tu. Rudi fildi."

Alisema hivyo kirahisi kwa sababu hakujua anachoagiza: mhojiwa ni bibi yangu mzaa baba, na baba mkwe huyo ndiye aliyekuwa na boma pale penye ngano. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala la wazee wa mumewe waliomtangulia huyo. Si mbele yake tu. Hata mzee akishafariki, hata mwanamke akiwa peke yake zizini anakamua, halitamki. Maneno mengine yanayokaribia kufanana na jina hilo nayo anayaacha, anatafuta ya kuzungukia. Utotoni nilidhani bibi yangu ana lugha yake mwenyewe, na nilimwonea wivu.

Na aliyebaki akilijua jina hilo ni bibi peke yake. Babu alifariki baba akiwa bado ananyonya. Baba alilelewa na wajomba zake huko Balangdalalu, watu wa ukoo mwingine, na naye alifariki nikiwa kidato cha pili. Wanaume wa ukoo wa babu walishaondoka na ng'ombe kuelekea kusini, wakitafuta malisho, na habari zao zilikoma kutufikia. Kwa hiyo mtu mmoja tu duniani alilijua jina la mwenye boma, na mtu huyo ndiye aliyekatazwa kulisema.

Nilimkuta uani asubuhi akipukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini, nikaweka simu katikati yetu.

"Bibi, yule mzee wa lile boma la kule kwenye ngano, aliitwa nani?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Hilo najua. Jina lake."

"Umeshanisikia, mjukuu wangu."

Siku ya pili nilibuni ujanja ambao hadi leo ukinijia nafumba macho. Nilianza kuorodhesha maneno anayoyakwepa, nikitumaini kwamba yatanielekeza kwenye jina. Kila aliposita katikati ya sentensi, niliandika. Bibi hajui kusoma, lakini macho anayo. Mchana aliacha kuzungumza kabisa, akaniangalia mimi na daftari langu.

"Unaniwinda," alisema.

Niliona aibu, lakini haikutosha kunizuia. Siku ya tatu nilimwambia kile nilichojua kitamuuma. Nilimwambia kitabu changu kitakaa kwenye maktaba ya chuo, na siku yeyote akiuliza pale kwenye ngano aliishi nani, atalikuta jina. "Lakini ukiondoka nalo wewe," nikasema, "itakuwa pale hapakuwahi kukaa mtu." Mama alikuwa karibu. Akachukua ndoo akaenda bombani, ingawa maji yalikuwemo ndani, kwa sababu yeye naye ni mke wa nyumba hiyo na hakutaka kusikia.

"Litaandikwa?" bibi akauliza.

"Litaandikwa."

"Na huko chuoni litakaa?"

"Litakaa, bibi."

Alijifunika kichwa kwa shuka, akanigeuzia mgongo, akalisema. Mara moja tu, kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayekiri kosa. Kisha akabaki amekaa hivyohivyo. Mke anayelitamka jina kama hilo hutakiwa kuomba radhi kwa wazee wa ukoo wa mumewe ili wamsamehe.

"Sasa nitaomba kwa nani?" aliniuliza akiwa bado amenipa mgongo.

Nitasema ukweli wote: wakati anauliza, mimi nilikuwa nakagua kama simu imerekodi vizuri.

Msimamizi aliifurahia sura ya tatu. Nilipanga vizazi, nikaweka jina kwenye ramani, katikati ya shamba la ngano, na usiku huo nililala nikiamini kwamba nimefanya jambo la maana kuliko yote maishani mwangu. Kisha ikafika siku ya kuitetea tasnifu. Mjumbe mmoja wa jopo alikuwa na fomu yangu ya maadili ya utafiti mkononi. Ilisema, juu ya sahihi yangu mwenyewe, kwamba hakuna jina la mtu yeyote litakaloonekana kwenye kazi hii. Fomu hiyo nilimtafsiria bibi mimi mwenyewe, na aya hiyo niliiruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye maswali.

Nilisema mzee huyo amefariki zamani sana. Wakasema kwa jina lake mhojiwa wangu angetambulika. Nilisema mhojiwa mwenyewe anataka litambulike. Wakauliza hilo limeandikwa wapi. Nikamgeukia msimamizi wangu.

"Majina yalikuwa ya kukusaidia wewe kupanga kazi," alisema kwa upole wake uleule. "Hayakuwa ya kuchapwa."

Ningeweza kugoma. Sikugoma, nilitaka kuhitimu. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, nikaandika 'Mzee A' kwenye kisanduku cha chini, mashine ikauliza kama ibadilishe pote. Nikabonyeza ndiyo. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya.

Nakala moja niliipeleka nyumbani. Bibi aliomba nimwonyeshe jina lilipo. Nilifungua ramani, nikaweka kidole juu ya Mzee A. Nilimtaka aguse, akakataa, akajifunika kichwa, akaangalia kwa mbali kidogo halafu akainamisha uso. "Basi," alisema. Mama aliishia darasa la saba na herufi anazijua vizuri, lakini hakukisogelea kitabu. Ndani yake mlikuwa na jina la mzee, na yeye ni mke.

Ningeweza kuliandika kwa kalamu kwenye nakala ile. Niliwahi hata kuishika kalamu. Lakini sikumwahidi bibi jina kwenye kabati la nyumbani kwetu. Nilimwahidi jina kule, na kule yuko Mzee A.

Ajira bado sijapata. Nipo mjini, nafundisha masomo ya ziada, na mama hunipigia simu Jumapili. Juzi aliniambia bibi anaomba kitabu kihamishiwe chumba kingine. Kipo sebuleni, na mke hapiti mbele ya baba mkwe wake. Kwa hiyo tangu nilipokileta, bibi akitaka kwenda kulala anatoka nje, anaizunguka nyumba yote na mkongojo wake, anaingilia mlango wa nyuma. Sasa miguu imechoka, na mvua zimeanza.

"Nikiweke wapi?" mama akauliza. "Mahali pa heshima, lakini pasiwe njiani."