Sare za Mabaka Kwenye Kamba

Katika hosteli yetu ya Wandegeya, Kampala, mdahalo ulikuwa na vikao viwili. Jumatatu watu walisema, Ijumaa wakapiga kura kwa miguu: anayeunga mkono hoja husimama upande wa mlango, anayeipinga husimama dirishani, na asiyejua anachotaka hubaki katikati azomewe. Siku za kati ziliachwa makusudi, mtu apate nafasi ya kuyaonea haya maneno yake au kuyakomaza.

Mwaka wangu wa pili hoja ikawa juu ya operesheni. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba italisafisha jiji, dawa za kulevya ziishe, na usafi wenyewe ulifanywa kwa fimbo na risasi. Askari waliuzingira mtaa alfajiri, wakawalaza watu kifudifudi, wakawachapa, wakawapakia kwenye malori. Mara kwa mara tulisikia redioni kwamba mmoja amepigwa risasi akijaribu kutoroka. Hoja ilitaka hosteli yetu iandamane Jumamosi kuiunga mkono kazi hiyo.

Jumatatu ile nilikaa na kikombe changu cha chai nikawasikiliza wasomi. Alianza kijana wa uhandisi, aliyeibiwa kompyuta ikiwa na kazi yake ya mwaka mzima ndani. Sauti ilimtetemeka alipolitaja jambo hilo, na sikumcheka, kwa sababu hasara yake ilikuwa ya kweli. Lakini kisha akasema teja si mtu tena, ni shimo linalomeza mali za watu, na shimo hufukiwa. Meza ziligongwa mpaka vikombe vikaruka. Binti mmoja wa kwaya, mpole ambaye hata mende hamuui, akasema afadhali wafe wachache kizazi kipone. Kijana mmoja wa sheria alijaribu kuuliza mahakama zimewekwa za nini; wakamwambia akaulize mahakamani.

Ndipo aliposimama niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, Mkongomani kutoka Kivu, aliyesuka nywele za nusu ya hosteli ili alipe karo. Kiingereza kilipomkwama aliacha kukisumbua, akaongea Kiswahili cha kwao.

"Kwetu pia walianzaka na wezi," alisema. "Tulipigaka makofi. Kisha wezi waliisha, bunduki zikabakia."

Wakacheka. Si kwa alichosema, bali kwa lugha aliyokisemea, maana Kampala wengi hukiona Kiswahili kuwa ni lugha ya askari na majambazi. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Lakini sikusimama siku hiyo. Ningesimama ningewatukana, na matusi hayashindi kura. Nilijiambia Ijumaa nitasema, na nitasema vizuri.

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi nimezaliwa katika kota za polisi, katika zile nyumba za mabati za mviringo zenye mlango mmoja ambazo sisi tuliziita yunipoti. Baba ni askari kutoka kaskazini, mama ni mtu wa mashariki, na Kiswahili kiliwafungisha ndoa kabla kasisi hajawafungisha. Na kaka yangu mkubwa, golikipa wa timu ya kota, alianza na bangi nyuma ya stoo akaishia kwenye unga, heroini, huko Kabalagala, mtaa wa baa nyingi. Aliuza pasi ya mkaa ya mama, baba akavumilia. Akauza viatu vya baba vya kazi. Baba alikwenda gwaride na raba za kuchezea mpira, na tangu siku hiyo jina la kaka halikutajwa wakati wa kula wala wakati wa kusali.

Kwa hiyo hakuna mtu pale hostelini aliyenizidi kuyachukia madawa. Nilikuwa nimeyaona yakimla mtu wa damu yangu akiwa hai.

Jumatano nilikwenda nyumbani kuchukua unga wa muhogo na maharage. Nilipoingia getini nikasimama. Siku za kawaida kamba za nguo za kota hubeba kaki za zamu, shuka, nepi na magauni. Siku ile kila kamba, kuanzia nyumba ya sajenti hadi ya mwisho kule chooni, ilikuwa imejaa sare za mabaka. Askari huambiwa habari ya operesheni siku moja kabla, bila kuambiwa zaidi, na kila mmoja humwagiza mkewe amfulie mabaka yake yakauke kabla ya usiku. Hakuna mtoto wa kota aliyefundishwa kusoma kamba. Unaziona tu, unajua kesho alfajiri kuna watu watalazwa chini.

Mama alikuwa akikamua suruali.

"Wanakwenda wapi, mama?"

"Mimi hapana jua. Mimi nafua tu." Akaitundika, akainyoosha mikunjo kwa viganja, kisha akasema bila kunitazama, "Nasikia wanaanza na ile pahali ya baa nyingi."

Niliuacha unga wa muhogo mlangoni, nikapanda bodaboda.

Kaka nilimkuta nyuma ya baa, akisuuza chupa kwenye pipa. Alikuwa amekonda hata shati lilimning'inia kama limetundikwa ukutani. Pembeni yake alikaa rafiki yake, fundi viatu ambaye mguu wake mmoja ulikauka kwa polio tangu utotoni, gongo lake limeegemea ukuta. Hao wawili walilala kibanda kimoja.

"Twende nyumbani," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa polisi."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Kamba zote zimejaa mabaka." Kicheko kikakatika hapo hapo, maana unga ulikuwa umemla mwili lakini haukuwa umemla utoto wake. Akamgeukia fundi, akamweleza, akamsihi twende wote. Fundi alikuwa akipitisha uzi kwenye soli ya kiatu cha kaka na hakuacha.

"Kale, sawa, mwende," alisema. "Mimi naenda kwa polisi, nasema mimi nani? Mimi siku hizi nashona viatu tu, ssebo, bwana wangu. Watanifanya nini?" Akakata uzi kwa meno, akamrushia kaka kiatu. "Salimia mzee."

Nilimpitisha kaka getini mchana kweupe, huku nimemshika mkono. Nilikuwa nimeamua: kama kuna mahali operesheni haitafika, ni kwa wenye operesheni. Wake za askari walitutazama na mabeseni yao. Baba alikuwa kizingitini akipiga viatu rangi. Alimtazama mwanawe, kisha akavivuta viatu vyake karibu na miguu yake.

"Patia hii mtu chakula," alimwambia mama, akaendelea na brashi yake.

Kaka alilazwa nyuma ya pazia. Alitoka jasho, akatapika, akalia kwa maumivu ya mifupa, na mama akamshikia beseni. Alfajiri baba alivaa mabaka yake akatoka.

Redio ilisema operesheni ya Kabalagala imefanikiwa. Mmoja amekufa akijaribu kutoroka. Baba alirudi adhuhuri. Aliketi, chakula kikaletwa, hakukigusa. Kaka alijiinua kwa kiwiko.

"Ni fundi viatu?"

Baba alivua kofia. "Ile ya gongo," alisema.

"Nani alipiga?"

"Si mimi."

"Sikuuliza kama ni wewe, baba."

Nilirudi Wandegeya na sentensi hiyo moja kifuani, *akijaribu kutoroka*, naitafuna njia nzima.

Ijumaa nilisimama wa kwanza. Niliwaambia kuwa ninayatetea maisha ya mateja nikiwa nimeibiwa na teja kuliko wao wote. Nikawaeleza habari za golikipa, pasi na viatu, na jinsi nilivyomtoa Kabalagala siku moja kabla. Niliwaambia kuhusu mtu aliyetembea kwa gongo, ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari, na nikawaomba wanionyeshe pale pale, kati ya meza na meza, jinsi mtu huyo anavyotoroka. Hakuna aliyegonga meza. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," nikasema. "Sasa na tuone kwa binadamu."

Kijana wa uhandisi alinyoosha mkono. Hakuwa na kejeli, alikuwa amefikiri.

"Operesheni ni siri," alisema. "Wewe ulijuaje, ukamtoa ndugu yako siku moja kabla?"

Ningeweza kusema ilitokea tu. Lakini nililiona swali lake kuwa ndilo lenyewe hasa tulilokuwa tukijadili. Nikawaambia habari ya kamba. Nikasema, "Kaka yangu ni mzima kwa sababu baba yake ana sare inayofuliwa. Fundi viatu hakuwa na kamba ya kutazama. Mkiandamana kesho, jueni mnaandamana kwa ajili ya kazi inayochagua hivyo."

Tukapiga kura kwa miguu. Mkongomani wangu alikuwa wa kwanza dirishani, akifuatwa na yule wa sheria na wengine ambao sikuwatarajia. Mlangoni walikuwa wengi zaidi. Tulishindwa. Binti wa kwaya alikwenda mlangoni akilia, lakini alikwenda. Kijana wa uhandisi alibaki katikati peke yake, wakamzomea, naye akavumilia mpaka mwisho. Kesho yake waliandamana bila sisi, na jioni mimi na Mkongomani wangu tukaanza kuandika hoja mpya.

Maneno yana miguu mirefu. Kabla wiki haijaisha amri ilisomwa kwenye gwaride la kota: sare za mabaka zisionekane nje, zianikwe ndani ya nyumba. Nilipokwenda nyumbani kamba zilikuwa na shuka tupu, na majirani walioninywesha uji hawakuitika salamu yangu. Mama alinipokea kwa mgongo. Si kaka peke yake aliyekuwa mtaani. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wake huko, na kila mama alikuwa na kamba yake ya kumwonya.

"Umetutoboa macho," alisema.

Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Lakini sasa mama wa kota walikuwa kama mama wengine wote wa Kampala, na hilo sikuweza kulijutia.

Baba alinisubiri hadi nimalize kula.

"Ni wewe nasema mambo ya kamba?"

"Ni mimi, baba. Na nitasema tena."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu."

Akafikiri. "Basi sema polepole," alisema. "Ile watu hapana elewa haraka."

Majuma kadhaa yalipita. Kaka alianguka mara moja akarudi, akaanguka tena akarudi. Sikudanganyi kwamba alipona kama mtu aliyemeza kidonge. Mchana mmoja nilikuwa nyumbani, mama akaingia na mabaka yaliyofuliwa akamkabidhi baba. Baba alifunga waya kutoka msumari hadi msumari, akaitundika sare ndani kama amri ilivyosema, juu ya godoro la kaka, ingawa upande wa pili kulikuwa na nafasi ya kutosha. Maji yakawa yanadondoka kwenye blanketi.

Kaka aliyatazama matone, kisha akaitazama sare. Akaamka, akavaa viatu vyake, vile vilivyoshonwa na fundi, akaanza kuvifunga kamba.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Kabalagala."

Mama akaanza kulia, akidhani unga umemwita.

"Naenda kuwaambia wenzangu," kaka alisema. "Wao hawana nyumba ya kuanika sare."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, na yunipoti haina mlango mwingine. Niliuona mkono wake ukishika fremu, nikajiandaa kupigana naye kwa maneno. Kisha akatoka nje, akaacha nafasi wazi.

"Pitia nyuma, kwa choo," alisema. "Huku mbele sajenti naona."

Nilichukua mkoba wangu nikamfuata kaka, maana Kabalagala ina baa nyingi, na mtu mmoja asingezimaliza kabla ya giza.