Posa Iliyokwenda Kinyumenyume

Nitakayoyasema hapa hamtayasadiki, na wala sikulaumuni. Hata mie nsingesadiki lau nsingemjua Sleyum. Lakini asiniite mtu muongo kabla hajafika mwisho.

Sleyum alishuka bandari ya Matrah, kwa Waarabu, mwaka wa sitini na tano, katoka Unguja na begi moja, kofia ya viua na mdomo. Kwa mdomo huo akafungua gereji: banda la makuti ya mtende na spana za kuokoteza. Gari za mji mzima wakati ule ungezijua kila moja kwa honi yake. Mtu akileta lake, kabla hajaeleza ugonjwa, Sleyum keshatikisa kichwa: "Kwetu Unguja hii twaitengeneza tumefumba macho." Huko kwao Unguja, wanaomjua wasema, alikuwa akiosha mabasi.

Basi akampenda Nasriya, binti wa Bwana Thani wa Sib. Bwana Thani alikuwa na shamba la ndimu, na gari la jipu aliloliheshimu kuliko ndugu zake. Kiswahili kafunzwa na mkewe, Bi Kheiria, mzaliwa wa Unguja, kwa hiyo alikijua zaidi kile cha kugombezwa. Sleyum akapeleka posa. Jibu likaja pamoja na jipu: "Tia grisi mpya kwenye maungio ya magurudumu ya mbele, uniletee Alkhamisi baada ya alasiri. Likija zima, tutazungumza. Likija bovu, katafute mke huko huko gerejini."

Grisi akaitia, na vizuri, tusimdhulumu. Kisha akalipeleka pwani kulijaribu, yaani kuonekana. Likazama mchangani. Badala ya kuchimba, bwana akalikanyaga moto. Ta! Ekseli ya nyuma, ile ya kulia, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye difu, lile bonge la gia la katikati, kwenda kuzungusha gurudumu, ikakatika kama muwa.

Spea zatoka Bombei, na meli haina habari na posa ya mtu. Sleyum akahangaika mpaka akapata ekseli kwenye mkweche uliolala Wattaya. Akaibusu. Akaitia: ikaingia, ikaingia, ikagoma, shibiri nzima imebaki nje. Ekseli za nyuma za jipu lile hazilingani, ya kushoto ndefu, ya kulia fupi; aliyoipata ni ya kushoto, na fundi wetu wa kufumba macho hakupima.

"Wameikata vibaya," akasema, na hakuna aliyemuuliza.

Ikabaki hila moja. Akachomoa ekseli zote mbili za nyuma, akakivua kwa kitanzi cha waya kipande kilichobaki ndani ya difu, akaziba matundu ya magurudumuni kwa vitambaa, akatia fowili, gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne: magurudumu ya mbele yavute, ya nyuma yafuate kama mkia. Alkhamisi akatoka, kanzu yang'ara, kajifukiza udi mpaka kaufukiza na usukani.

Mpaka Mawaleh mambo swafi. Lakini nyumba ya Bwana Thani iko juu ya ukingo wa wadi, lile bonde la mto mkavu, na ukingo wenyewe mchanga mtupu. Jipu likapanda nusu, mbele kukawa kwepesi, magurudumu yakachimba, likateleza likarudi. Akajaribu tena, vilevile. Juu kule Bwana Thani keshatoka barazani na majirani zake. Sleyum, jasho lishaushinda udi, akaligeuza gari, akatia rivasi, akapanda kwa matako. Sasa uzito wote umeyaelemea magurudumu yanayovuta. Akafika mpaka mlangoni, shingo imempinda kama ndoana.

"Ya Sleyum, gari langu lina nini?"

"Zima kama ulivyonipa, ami."

"Mbona laja kinyumenyume?"

Mdomo ukatangulia, akili ikafuata. "Ndo ada yetu Unguja, ami. Mposaji haielekezei uso nyumba ya mkwe kabla hajakubaliwa. Aibu!"

"Mashallah," majirani wakasema, "watu wana adabu huko!"

Bwana Thani hakupata kukanyaga Unguja. Akageukia pazia la mlango. "Kheiria! Kweli haya?"

Bi Kheiria alikuja Sib mtu mzima, na harusi za Unguja alikwishazicheza zote. Neno moja tu la mwanamke yule, na Nasriya kaenda, na jina la fundi limeenda. Sleyum akalisikia cheko la Nasriya likizibwa kwa leso.

"Kweli tupu," akasema Bi Kheiria. "Ila mwanangu Sleyum kasahau nusu. Akikubaliwa, hurudi kwao kinyumenyume vilevile, asiipe nyumba kisogo. Na vile vitambaa kwenye magurudumu ya nyuma navyo ni ada. Huvitoa siku gari litakapopona. Siku hiyo ndo akidi."

"Basi umekubaliwa," akasema Bwana Thani. "Nenda, kwa ada yenu."

Sleyum akaenda. Akashuka wadi kinyumenyume, akapita Mawaleh kinyumenyume, akapita Wattaya ngamia wanamkimbia, askari wa lango la Matrah akampigia saluti kwa kisogo, na mkono mmoja bwana kashika kikombe cha kahawa, wala tone halikumwa—

"Kahawa gani, muongo weye?" Sleyum huyu, kaniinamia begani. "Nlirudi kinyumenyume mpaka kwenye mkunazi tu, mkwe asinione, nkageuza! Muulize Nasriya, huyo jikoni, mpaka leo hajesha kunicheka!"