Pembe ya Santuri Aliyoifuma Mama Mkwe

Mguu wangu wa kushoto ulilipwa kwa santuri. Watu wakiniuliza kwa nini nachechemea huwa nawaambia hivyo, nao hudhani natania. Sitanii. Mimi sikusoma, nilikaa kwa maalimu mpaka nikajua kuandika jina langu na la baba, basi. Lakini walionikosea nawakumbuka mmoja mmoja, na hapa nitawataja. Majina sitayatoa, maana watoto wao ni watu wazuri. Wenyewe watajijua.

Wa kwanza ni dereva. Vita vya Wataliano vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa utingo wake kwenye lori la duka moja la Garissa, tukipeleka sukari, chai na nguo Wajir. Huyu bwana alitafuna miraa siku mbili mfululizo, siku ya tatu ikamwishia, akalala ameshika usukani. Lori likaingia korongoni. Yeye akaruka. Mimi nikabaki chini ya magunia ya sukari tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, mguu umevunjika mahali pawili, sisimizi wakifuata sukari na kupita juu yangu kama juu ya daraja. Nikapona. Lakini dereva alipofika mjini alisema nimekufa, watu wakanisomea hitima, na yeye akala wali wa hitima yangu. Kuruka nimemsamehe. Ule wali bado.

Wa pili ni mwenye duka. Wazee walipokaa kuzungumza habari ya mguu wangu, aliapa kwamba hana kitu, kwamba aliyekufa ni lori. Mwisho akatoa santuri iliyokuwa imepakiwa humo humo safarini. Mteja aliyeiagiza alikuwa ameikataa, kwa sababu pembe yake ya kutolea sauti ilipondwa ikawa kama chapati.

"Chukua," akaniambia. "Wewe sasa huna kazi. Hii itakuimbia."

Akaongeza sahani tatu za nyimbo, moja ina ufa, na kikopo cha sindano. Wazee wakaona mambo yameisha vizuri, wakaomba dua. Nikatoka na gongo kwapa hili na sanduku kwapa lile.

Sasa, mtu aliyelala nyumbani na mguu mbovu atafanya nini? Nikaifungua. Nikatoa springi, nikaisafisha mchanga, nikaipaka samli. Kwenye kichwa kile kinachoshika sindano kuna kioo chembamba kama ganda la kitunguu, kimezungukwa na mpira. Mpira ulikuwa umekufa, nikakata mwingine kutoka tyubu ya gurudumu. Kazi ya utingo hiyo, naijua. Ikabaki pembe. Nikakunja debe la mafuta ya taa, nikaligonga siku nzima, nikalifunga kwa waya. Nikatia ufunguo, nikaweka sindano juu ya sahani.

Ilitoa sauti ya mbuzi aliyeanguka kisimani.

Mimi nikafurahi! Ilikuwa inazunguka, inalia, na nimeitengeneza mwenyewe. Nikaipiga asubuhi, nikaipiga adhuhuri. Nyumba yetu ilikuwa ya bati juu na bati kando. Niliijenga kwa kujivuna, mke wangu hakuipenda tangu siku ya kwanza. Aliniambia inamchoma na inampigia kelele. Sasa bati likawa linajibizana na debe, na mimi katikati nimefumba macho.

Siku moja alisimama mlangoni na furushi lake. "Nimekuita mara nne."

"Sikusikia."

"Najua. Nakwenda kwa mama. Ukipata masikio, nifuate."

Kwetu mke akiudhika huenda kwao, na mume humfuata kwa adabu. Kwao ni upande wa Tarbaj, kupita Wajir. Nikangoja lori lenye dereva asiyetafuna, nikapanda na santuri yangu. Kuiacha sikuthubutu, kwa sababu ya wa tatu, jirani yangu, aliyekuwa amekwisha kuniuliza nikifa inarithiwa na nani.

Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe hawakai uso kwa uso. Nikakaa nje ya nyumba yake ya mikeka, yeye ndani, mkeka katikati. Mama mkwe hakusema nami. Alisema na binti yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie huyo mgeni alete hicho anachokipenda kuliko binti yangu."

Nikakisukuma chini ya mkeka. Nikasikia anakigonga kwa kidole, anakinusa, anapuliza kwenye debe. Halafu akasema:

"Mwambie kosa si la sanduku. Ni la koo. Nani anayempa mtu koo la bati?"

Lazima ujue kwamba mama huyu alikuwa mfumaji wa vyombo vya maziwa, hodari kuliko wote pale kisimani. Chombo chake kinafumwa kwa nyuzi za mizizi, kinabanwa na kufukizwa moshi mpaka hakivuji hata tone. Akaweka sharti lake hapo hapo. Atafuma koo jipya. Likiisha, binti yake atasikiliza. Akisikia mtu, atarudi nami Garissa. Akisikia debe, nitarudi peke yangu, na sanduku litabaki kuwekewa chumvi.

"Nimekubali, eddo," nikasema, kwa neno letu la heshima kwa mama mkwe.

"Mwambie sikumwuliza."

Akafuma karibu mwezi mzima. Nilikuwa nikiona ncha ya kazi tu ikitokea chini ya mkeka, nyembamba kama shingo ya ndege, halafu inapanuka, inapanuka. Kila jioni aliinyanyua na kuongea ndani yake, akasikiliza, na mara mbili nilisikia anafumua kazi ya siku tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchemsha utomvu wa manemane wa kuziba maungio, na kumwomba Mungu.

Hapo ndipo alipoingia wa nne, shemeji yangu, kaka wa mke. Alikuja kutoka kisimani anacheka.

"Waryaa shemeji, sindano zako ni dawa!"

"Sindano zipi?"

"Za kwenye kikopo. Tumechomoa miiba miguuni mwa watu wote. Hata ngamia mmoja."

"Ziko wapi?"

"Zimevunjika. Moja bado iko kwa ngamia."

Nilimrushia gongo, nikakaa chini kwa sababu bila gongo sisimami. Pembe ilikuwa imebakiza siku mbili kuisha, na sindano haziuzwi Tarbaj wala Wajir. Mke wangu alisikia yote kwa ndani. Hakucheka. Nikaona tayari narudi Garissa peke yangu.

Mbele yangu kulikuwa na tawi la mgunga la boma, lina miiba mirefu myeupe. Nikafikiri: wao wametumia sindano kuchomoa miiba, basi mimi nitatumia mwiba kama sindano. Nilifikiri hivyo kwa hasira, si kwa akili. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulikuwa mbichi, ukapinda. Wa tatu niliuchukua kwenye tawi lililokauka zamani, nikauchovya kwenye samli ya moto, nikaunoa juu ya jiwe mpaka ukachoma kidole kabla sijaugusa vizuri. Ukaingia kwenye kichwa cha santuri kama umezaliwa humo.

Siku ya kujaribu ilikuwa baada ya alasiri. Pembe ilikuwa na urefu wa mkono wangu na mdomo mpana kama sufuria ya harusi, nyeusi kwa moshi, inanukia maziwa. Sanduku likawekwa ndani, juu ya ngozi. Mimi nikainama mlangoni, nimegeuza uso, nikatia ufunguo. Mama na binti walikaa nyuma ya mkeka wa katikati.

Sahani ilikuwa ya mtu wa udi, anaimba kwa lugha yetu. Walisema ilitoka Adeni. Nilikuwa nimeisikia pengine mara mia. Wallahi, sikuwahi kuisikia. Ule msukosuko kama wa nyama kwenye kikaango ulikuwa umepungua. Udi ulikuwa na nyuzi, uzi mmoja mmoja, na kidole kikiteleza unakisikia. Yule mtu alikuwa amekaa mle ndani nasi, hatua tatu kutoka kwangu.

Sahani ikaisha.

Halafu mama mkwe: "Nani anakohoa humo?"

Hakuna anayekohoa, nikasema. Nikaambiwa nirudie. Nikanoa mwiba, nikarudia. Kweli: kabla ya kuanza, mwimbaji anakohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo mbele ya wakubwa.

"Ni kondoo wa nje," akasema shemeji.

"Nyamaza wewe. Kondoo ana adabu hiyo?" Mama mkwe alikuwa anasikitika kweli. "Kifua chake kibovu. Huyu hakupewa maziwa utotoni."

Mke wangu akacheka. Miezi mingapi sijasikia kicheko kile! Nikadhani nimeshinda.

"Nimesikia mtu," akasema. "Lakini chini ya bati lako sirudi."

"Sharti lilikuwa—"

"Huyu amesikika kwa sababu yuko ndani ya mikeka. Mpeleke chini ya bati, atakuwa debe tena. Na mimi ni hivyo hivyo. Miaka yote ile umenisikia lini?"

Nikajaribu kupiga kidoko ndani ya ile nyumba: sauti ilikwenda ikatulia, haikurudi. Kwangu Garissa ingerudi mara tatu na kukupiga kichwani.

Na hapo mama mkwe akasema nami mwenyewe, kwa mara ya kwanza: "Sharti ni sharti, atarudi nawe. Lakini sharti halikutaja nyumba."

Tukapakia kwenye lori mikeka yote ya nyumba ile, kwa kuwa alimpa binti yake, vijiti vya kupinda, ngozi, pembe imefungwa nguo kama mtoto. Garissa walinicheka. Jirani akauliza kama nimehamia porini bila kutoka mjini. Baada ya wiki mbili alikuwa anakuja kusikiliza na mkeka wake mwenyewe. Mwenye duka naye alikuja, akataka tubadilishane na nyingine mpya. Nikamkaribisha vizuri, nikamketisha nyuma ya pembe.

Nyumba ile ya mikeka mke wangu aliisimamisha uani siku ile ile tuliyofika, mimi nikimpa vijiti. Akanionyesha mahali pa kuweka sanduku. Akanionyesha mahali pangu, kando, karibu na ufunguo. Kisha akaketi yeye mbele ya mdomo wa pembe, mahali pazuri kuliko pote, akaniambia nianze na ile ya mwenye kikohozi.