Profesa Aliyekwama Nyumbani Kwetu

Nilipopata diploma ya sekondari nilitaka kwenda kusoma Lubumbashi. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli hapa Kalemie, alikataa kabla sijamaliza kusema.

"Mutoto mwanamuke hawezi kulala njiani siku zote zile," alisema.

Mwaka uleule taasisi moja ikafunguliwa mjini kwetu, katika majengo ya shule ya zamani juu ya kilima. Kati ya masomo yake lilikuwamo moja walilokuwa wakiliita enformatiki ya jestyo: kuongoza biashara kwa kutumia ordinateri, yaani kompyuta. Baba alitoka kazini na habari hiyo, uso umemng'aa.

"Ulitaka masomo. Sasa yamekufuata mpaka hapa."

Nikajiandikisha.

Masomo ya biashara yalifundishwa na watu wa hapahapa, waliotoka kwenye ofisi zao mchana na kutusomea sheria na uongozi wa wafanyakazi huku wakitazama saa. Masomo ya mashine yalimngoja mwalimu wa kutoka Lubumbashi, na mwalimu aliingoja treni. Mashine yenyewe hatukuwa nayo. Mwaka wa kwanza ulivutika ukaingia ndani ya mwaka wa pili, na hakuna aliyeshangaa, maana siku zile za Zaire miaka ya masomo kote nchini ilikuwa ikivutika hivyo. Madirisha ya darasa yalitazama ziwa. Meli ya Kigoma ilipong'oa nanga niliisindikiza kwa macho hadi mwalimu aniite. Mwenzangu pekee wa kike aliolewa, akaacha. Nyumbani nilisonga bukari, ugali wetu, nikakaanga samaki wa mikebuka, nikafua nguo za wadogo zangu, kesho yake nikapanda kilima tena kwenda kungoja.

Profesa alifika katikati ya masika. Alikuwa kijana kuliko tulivyodhani, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya Zaire isiyo na tai, na mkononi ana sanduku dogo la mtu anayekuja kukaa majuma mawili. Juma la kwanza alichora kibodi kwenye vipande vya katoni, akatugawia, tukajifunza kuandika kwa kugonga karatasi. Juma la pili mvua ikabeba tuta la reli huko upande wa Nyunzu. Treni zikasimama.

Chumba alichopangiwa na taasisi kilikuwa kinavuja. Baba akasema haiwezekani mugeni alale ndani ya maji, akamleta kwetu. Kaka zangu walimpisha chumba chao, wakahamia sebuleni.

Kila asubuhi waliondoka pamoja, baba na Profesa, hadi stesheni.

"Bado?" mama aliuliza kila Profesa aliporudi.

"Bado, Mama."

Mama alimtengea chai. Mwanzoni Profesa alitabasamu alipojibu. Baadaye aliacha. Alipata malaria, akapona, abakosti ikamlegea mabegani. Nilimwona jioni nyuma ya nyumba akitazama upande wa reli, na mara ya kwanza maishani nikamwona mtu mzima, tena mwenye elimu, akiwa na uso niliouona mimi kwenye kioo. Sikumhurumia. Nasema ukweli, nilifarijika.

Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alinifundisha. Mchana, mama akiwa sokoni, tuliketi barazani na mlango wazi ili majirani wasipate la kusema. Aliandika programu kwenye karatasi, mimi nikaifuata mstari kwa mstari na kumwambia jibu litakalotoka.

"Wewe ndiyo mashine," alisema. "Mashine haiulize sababu. Inafanya kile imeambiwa."

"Basi mimi ni mashine tangu zamani, Profesa."

Aliisogeza karatasi pembeni. "Na wewe unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia: nataka kumaliza lisansi, shahada kamili, Lubumbashi, nataka kugusa mashine yenyewe, nataka kukaa mahali ambapo nikitoka nje hakuna anayejua natoka wapi na narudi saa ngapi. Nilisema mengi kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza, kisha akanipa zoezi lingine.

Siku moja walimwita kwenye foni, ile redio ya stesheni. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Alirudi nyumbani akaketi mezani, hakula. Baba naye hakula.

Siku chache baadaye baba alileta habari: kigari cha mafundi, kile kidogo cha injini kinachokwenda juu ya reli, kesho asubuhi kitapeleka vifaa mpaka palipobomoka. Upande wa pili kuna treni ya kazi inayorudi Kabalo, na kutoka Kabalo njia ya Lubumbashi ipo. Kulikuwa na nafasi.

Profesa aliweka kijiko chini. "Papa, nafasi ni ngapi?"

"Mbili zinaweza kupatikana."

"Basi mupatie mutoto wako ile ya pili. Atakaa kwangu, na bibi yangu na mutoto, atamaliza kule. Ana akili, Papa. Hapa atangoja mpaka azeeke."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mikononi. Mama alikuwa wa kwanza kusema, na sikutegemea alichosema.

"Mwache aende."

Baba alinawa mikono polepole. "Hapana," alisema. "Profesa, tunakushukuru. Hapana."

"Baba," nikaanza.

"Nimesema."

Usiku ule nililia, na asubuhi nilikwenda stesheni hata hivyo. Nilibeba nguo zangu katika kitenge, nikasimama karibu na kigari. Profesa alipanda juu ya magunia ya vyuma. Baba aliona kifurushi changu. Hakunigombeza. Alikichukua kutoka mikononi mwangu, kwa upole kabisa, akakikumbatia kifuani mpaka injini ikawaka na kigari kikapita daraja. Tulirudi nyumbani yeye akikibeba bado, na watu tuliokutana nao walitusalimia kana kwamba tumetoka safari.

Baada ya hapo tulikaa nyumba moja kama wapangaji. Nilimjibu alichouliza tu. Nilimaliza miaka mitatu ya kwanza, iliyochukua zaidi ya mitatu, nikapata cheti cha graduat. Kwa lisansi ilibidi niende Lubumbashi, na safari hii baba mwenyewe alitaja jambo hilo, lakini vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa na serikali, na hakuna aliyejua vitafunguliwa lini. Nilipata kazi bandarini, katika ofisi ya bohari, nikipiga chapa orodha za magunia ya sukari na saruji. Mashine ilikuwa ya kupiga chapa, nzito, ya wakati wa Wabelgiji. Niliolewa na mtu wa hapahapa. Lisansi sikuifanya.

Baba alipokuwa mgonjwa, miaka baadaye, nilikuwa nikimkanda miguu kwa mafuta ya moto alipoanza kusema bila kuulizwa.

"Ile reli niliitengeneza mimi na wenzangu. Nilijua kila mahali ilikuwa imeoza. Mutu mwingine anaweza kupita. Wewe, nilishindwa kukuweka pale juu."

"Profesa alifika salama, Baba. Walikwambia kwa foni."

"Alifika, ndiyo."

"Na ungeniambia wakati ule."

"Ungebaki?"

"Nisingebaki."

Akatikisa kichwa. Nilitaka kuwa na hasira ya zamani, ile niliyoitunza vizuri, lakini ilikuja nusu tu, na ile nusu iliyokuja sikujua niielekeze kwa nani. Mafuta yalikuwa yameanza kupoa. Nikasogeza bakuli karibu na mkaa, nikaendelea na mguu wa pili.